Kabla ya Tingatinga: Mwongozo wa Kuinusuru Nyumba ya Kale ya Mwambao

Ukiona tingatinga limesimama mlangoni, jua nyumba ile ilianza kufa zamani. Ilianza siku mfereji wa paa ulipoziba akakosekana wa kuuzibua. Ikaendelea pale warithi walipobishana nani anunue bati, na mpangaji wa ghorofa ya juu akahama kwa kuiogopa dari. Mwekezaji anapokuja na ramani yake ya ghorofa sita hana haja ya kugombana na mtu. Anakuta gofu, anaonyesha nyufa, anaomba kibali cha kuondoa jengo hatarishi, na kwa siku hiyo anasema kweli: jengo ni hatarishi.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeishi katika nyumba ya mawe na chokaa, au uliyerithi fungu la nyumba hiyo, au unayeitazama ya jirani ikimomonyoka: Mji Mkongwe wa Unguja, Mji wa Kale wa Mombasa, Lamu, Bagamoyo, Pangani, Mikindani. Nimeupanga kwa jinsi hatari zinavyofuatana, yaani maji, ushahidi, warithi, kisha sheria. Wengi huanza na sheria, ndiyo maana hufika mahakamani na hoja nzuri na nyumba isiyo na paa.

Anayedhani jina kubwa linatosha aitazame Beit al-Ajaib pale Forodhani, Unguja. Sultan Barghash aliijenga 1883. Ni mali ya serikali na imo ndani ya eneo la Urithi wa Dunia. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katikati ya ukarabati, upande mkubwa wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa. Orodha ya UNESCO haizuii mvua.

KWANZA: MAJI

Lazima uijue nyumba yako imejengwaje, la sivyo utaiharibu kwa nia njema. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na mchanga, nene kiasi cha nusu mita au zaidi. Sakafu na dari zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiachwa ukauke, huishi karne na karne. Ukizuiwa kukauka, huoza kwa ndani huku nje ukionekana mzima.

Kagua mara mbili kwa mwaka: Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli.

1. Panda paani siku kavu. Safisha mifereji yote kwa mkono. Tafuta bati lililoinuka, msumari uliolegea, na mahali paa linapokutana na ukuta wa jirani, kwa maana hapo ndipo panapovuja zaidi na hapo ndipo hakuna anayejiona mwenye wajibu.
2. Rudi mvua ikinyesha. Fuata maji kwa macho kutoka paani hadi uchochoroni. Yakiupiga ukuta popote, hapo ndipo pa kuanzia kazi, hata kama ukuta wenyewe bado haujaonyesha dalili.
3. Ng'oa mche wowote uliomea ukutani, hasa jamii ya mitini, ukiwa bado mdogo. Mizizi ikishaingia kati ya mawe, kuung'oa ni kubomoa. Mche uliokomaa ukate, ziba shina lisichipue, kisha umwite fundi.
4. Gonga boriti, hasa ncha zake zinapoingia ukutani. Sauti nzito ni nzima. Sauti tupu ni mchwa au uozo. Choma kwa bisibisi: ikizama bila nguvu, boriti hiyo haibebi tena.
5. Fuata mabomba. Nyumba hizi nyingi zilijengwa kabla ya maji ya bomba kuingizwa ndani. Bafu lililoongezwa ghorofa ya pili na bomba lililozikwa ukutani hulowesha ukuta mwaka mzima, kiangazi na masika. Bomba lipite juu ya ukuta, lionekane. Halipendezi, lakini likivuja utaliona siku hiyohiyo.
6. Tazama tangi. Lita 1,000 za maji ni tani moja. Nimeona matangi ya lita 5,000 juu ya boriti zilizowekwa kubeba mkeka, kitanda na watu. Tangi likae chini uani, na pampu ipandishe kidogo kidogo.
7. Zipime nyufa. Paka plasta ya jasi kama upana wa vidole viwili kukatisha ufa, andika tarehe juu yake. Plasta ikipasuka ndani ya miezi michache, ukuta unatembea. Isipopasuka, ufa ni wa zamani na hauna haraka.

> HATARI: TOKENI NDANI
> Ukuta umetoa tumbo. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri umekwama ghafla. Mchanga unamwagika kutoka kwenye ungio la dari. Unasikia mlio wa kukatika usiku. Dalili moja kati ya hizi yatosha kuwahamisha watu chumbani na kukiacha wazi mpaka kitiwe miti ya kuegemeza. Usitoe wala kuigusa boriti iliyovunjika kabla ya kuegemeza dari pande zote mbili.

Sasa saruji, adui anayekaribishwa kwa heshima zote. Fundi atakwambia chokaa ni kazi ya wazee, saruji ndiyo imara. Ni imara kweli, na ugumu huo ndio unaoumiza. Plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa huziba njia ya unyevu. Maji yaliyopanda kutoka ardhini au kushuka kutoka paani hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, na baada ya misimu kadhaa plasta hubanduka ikitoka na uso wa ukuta. Fundi huitwa tena, naye hupaka saruji nene zaidi. Rangi ya mafuta hufanya kazi hiyohiyo polepole.

Kwa hiyo, unapompata fundi, muulize maswali haya kabla ya bei. Chokaa anaipata wapi, na anailoweka muda gani? Ikikaa majini wiki kadhaa hulainika na kushika vizuri. Anachanganya vipi? Kipimo cha kuanzia ni sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Mchanga wa wapi? Wa ufukweni ukataliwe, una chumvi. Ataulowesha ukuta kabla ya kupaka, na kuutunza na unyevu siku kadhaa baadaye? Akijibu kwamba haina haja, mshukuru, umuage kwaheri. Chokaa mbichi inapotiwa maji huchemka na kuunguza. Watoto wakae mbali, na macho ya fundi yakingwe.

Boriti mpya nazo zina sheria zake. Mikoko ni misitu inayolindwa Kenya na Tanzania, na kukata bila kibali cha mamlaka ya misitu ni kosa. Nunua kwa muuzaji mwenye karatasi, uitunze risiti.

Fedha zikiwa chache, na huwa chache, zitumie kwa mpango huu: paa, mifereji, boriti, mawe ya ukuta, plasta, na rangi mwisho kabisa. Familia nyingi huanza na rangi kwa sababu kuna harusi.

PILI: USHAHIDI

Anayetaka kubomoa huja na ripoti ya mhandisi, ramani na barua. Wewe ukiwa na kumbukumbu za bibi peke yake, mezani pa afisa hazina uzito. Fungua jalada la nyumba leo, wakati hakuna ugomvi; picha iliyopigwa kabla ya mgogoro huaminika kuliko iliyopigwa baada yake.

1. Piga picha kila upande, kisha kila chumba, kisha vitu vyenyewe: mlango na kizingiti chake, zidaka, nakshi za chokaa, baraza, ngazi, boriti, madirisha ya rangi. Weka rula au mtu ndani ya picha ili ukubwa uonekane.
2. Chora ramani ya kila ghorofa kwa futi kamba. Haihitaji msanifu. Andika unene wa kuta na majina ya sehemu kama mnavyoyatumia: daka, ukumbi, kiwanda, msana, ndani.
3. Kusanya karatasi: hati, stakabadhi za kodi, mikataba ya upangaji, bili za zamani, barua zenye anwani ya nyumba, picha za harusi zilizopigwa ukumbini.
4. Rekodi wazee wakieleza nani alijenga, nani aliishi, madrasa gani ilisomeshwa barazani. Taja tarehe ya mahojiano, na msemaji amtaje mtu aliyemsimulia.
5. Tafuta nyumba yako katika kazi za waliotangulia. Huenda ilishapimwa. Uchunguzi uliotangulia mpango wa hifadhi wa Mji Mkongwe wa 1994 uliorodhesha majengo zaidi ya 1,700. Utafiti wa Usam Ghaidan kuhusu Lamu ulichapishwa 1976. Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, zina ramani na picha. Mombasa, anza na ofisi ya hifadhi ya Mji wa Kale iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa.
6. Weka nakala mahali patatu: moja kwa ndugu aliye mbali, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni, moja kwa ofisi ya hifadhi yenyewe. Nakala ya ofisini igongwe muhuri wa kupokelewa.

Usiuze mlango. Wanunuzi hupita mitaani wakitafuta milango ya nakshi na masanduku, na bei ya kwanza husikika kubwa kwa mwenye njaa ya karo. Mlango ukishatoka, nyumba imepoteza shahidi wake mkuu, na anayefuata atasema palibaki kuta tu. Kenya ina kifungu ambacho wauzaji wengi hawakijui: mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 ni kitu kinacholindwa na sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, na kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa.

TATU: WARITHI

Kwa maoni yangu hapa ndipo nyumba nyingi za mwambao zinapopotea, kuliko kwa wawekezaji na serikali zikiwekwa pamoja. Babu alikufa mirathi haikufunguliwa. Watoto wake nao wakafa. Leo wenye haki ni watu thelathini, wengine Muscat, wengine Dubai, mmoja Toronto ambaye hajulikani kama yu hai. Hakuna mwenye mamlaka ya kutengeneza, na yeyote mwenye shida anaweza kushawishiwa kuuza fungu lake kwa mgeni. Mgeni akishaingia kwa fungu moja, hudai nyumba yote igawanywe au iuzwe.

1. Chora mti wa familia wa wote wenye haki, walio hai na waliokufa pamoja na watoto wao. Usimruke shangazi kwa kuwa aliolewa mbali. Fungu lake ni halali yake, na aliyerukwa leo ndiye atakayetia saini kwa mnunuzi kesho.
2. Nendeni kwa kadhi au mahakama husika, mirathi ifunguliwe na msimamizi ateuliwe kwa maandishi.
3. Ndugu walio nje watoe hati ya uwakala iliyothibitishwa ubalozini au kwa mwanasheria. Ujumbe wa sauti kwenye simu si uwakala.
4. Andikeni makubaliano: anayetaka kuuza atawauzia ndugu kwanza, kwa bei iliyokadiriwa na mtu wa nje, na watapewa muda uliotajwa wa kutafuta fedha.
5. Kodi ya duka la chini iingie akaunti ya matengenezo kabla haijagawanywa. Hata kama ni ndogo. Familia zinazoweza jambo hili moja huwa zinaweza na mengine.
6. Kama kuna ndugu mnayemtilia shaka, nendeni kwa msajili wa ardhi mkaweke zuio kwenye hati. Kenya, mtu mwenye maslahi katika ardhi anaweza kuomba hilo chini ya sheria ya usajili wa ardhi ya 2012.

Wewe mpangaji, ulizia kwanza nyumba ni ya nani hasa. Unguja inaweza kuwa ya mtu binafsi, ya serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, au ya wakfu chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mali ya wakfu kimsingi haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Anayekuonyesha mkataba wa kuinunua ana maswali ya kujibu. Lakini kodi ya nyumba za wakfu mara nyingi ni ndogo mno kuweza kuitengeneza nyumba, kwa hiyo mpangaji anayetaka ibaki imara asijifiche nyuma ya kodi ya zamani. Pendekeza mwenyewe: niongezeni kodi, au nitengeneze paa nikatwe kwenye kodi, kwa maandishi.

NNE: SHERIA INAYOKUKINGA, NA MWISHO WAKE

*Unguja.* Mji Mkongwe uliingia Urithi wa Dunia mwaka 2000. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa 1985 na sasa inafanya kazi kwa sheria ya 2010. Ndani ya mipaka yake kujenga, kubomoa, kubadili na hata ukarabati mkubwa huhitaji kibali chake. Uliza nyumba yako imewekwa daraja gani, na upewe jibu kwa maandishi. Ukivuka Darajani kwenda Ng'ambo, usidhani ulinzi uleule unakufuata.

*Kenya.* Mji wa Lamu uliingia Urithi wa Dunia 2001. Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa ni maeneo ya hifadhi yaliyotangazwa, kila moja likiwa na ofisi ya hifadhi chini ya Makumbusho ya Taifa. Mwenye ujenzi anahitaji idhini ya kaunti na pia maoni ya ofisi hiyo. Akikuonyesha karatasi moja tu, uliza ya pili.

*Tanzania Bara.* Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja jengo lililosimamishwa kabla ya 1863. Fikiria maana yake. Boma la Kale la Dar es Salaam lilijengwa 1866 na 1867, wakati wa Sultan Majid, na majengo ya Wajerumani ni ya baadaye zaidi. Yote hayo yanahitaji kutangazwa na waziri katika Gazeti la Serikali ndipo yalindwe. Kwa hiyo swali lako kwa Idara ya Mambo ya Kale liwe hili: je, jengo hili limetangazwa, na kwa tangazo namba ngapi? Kama halijatangazwa, andika kuomba litangazwe, ukiambatisha jalada lako. Kwa Dar es Salaam wapo pia DARCH, kituo cha urithi wa usanifu kilichomo ndani ya Boma hilohilo, wenye ujuzi wa kuyaeleza majengo ya katikati ya jiji.

TANO: TETESI ZIKISHAFIKA

Uzio wa mabati umesimama usiku. Wapimaji wamepita na kamba. Sasa siku zina thamani.

*Siku ya kwanza.* Piga picha za uzio, watu, mashine na namba za magari, ukiwa umesimama barabarani; usiingie ndani, usije ukageuzwa mshtakiwa. Tafuta kibao cha mradi: kinapaswa kuonyesha mwenye mradi, mkandarasi na namba za vibali. Kukosekana kwa kibao ni hoja tayari. Mpigie sheha, chifu au mwenyekiti wa mtaa, kisha uiandike simu hiyo: saa ngapi, alisema nini.

*Siku ya pili.* Peleka barua kwa mkono kwenye ofisi ya hifadhi na ofisi ya mipango miji. Chukua muhuri wa kupokelewa. Simu husahauliwa na maneno ya kaunta hukanushwa.

> MFANO WA BARUA
> YAH: OMBI LA KUSIMAMISHA UBOMOAJI WA JENGO LILILOPO (mtaa, namba ya kiwanja)
> Mimi ni (mkazi / mrithi / mpangaji / jirani) wa jengo hilo. Tarehe … saa … niliona (eleza ulichoona kwa macho yako tu). Picha zimeambatishwa.
> Jengo hili (limo ndani ya eneo la hifadhi / limetangazwa kwa tangazo namba …).
> Naomba kujulishwa kwa maandishi: (a) kama kibali kimetolewa, lini na kwa nani, (b) masharti yake, (c) kama ofisi ya hifadhi ilishauriwa.
> Iwapo kibali hakipo, naomba kazi isimamishwe leo.
> Jina, saini, simu. Nakala: (ofisi nyingine zote)

Barua isizidi ukurasa mmoja. Usitukane, usimtaje mtu kuwa amehongwa. Hata kama mtaa mzima unasema hivyo, barua itakayokuja kusomwa mbele ya hakimu isiwe na neno usiloweza kulithibitisha.

*Wiki ya kwanza.* Hesabu siku za kisheria. Kenya, chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, ombi la ujenzi likitangazwa umma hupewa siku 14 za kutoa maoni. Uamuzi ukitoka, mwenye maslahi ana siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango. Siku hizo hupita upesi, na zikipita hubakiwi na mengi zaidi ya mahakama. Sheria ya kupata taarifa ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ya Kenya ijibu ombi lako ndani ya siku 21. Ya Tanzania Bara, ya mwaka huohuo, ndani ya siku 30. Ubomoaji hausubiri siku 21, kwa hiyo ombi la taarifa litangulie au liende sambamba na zuio, lisiwe badala yake.

*Mahakama.* Unachoomba kwanza ni amri ya zuio la muda, kwa hati ya dharura. Katiba ya Kenya humruhusu mtu kufungua shauri kwa maslahi ya umma hata kama nyumba si yake. Unguja, migogoro ya ardhi ina Mahakama ya Ardhi. Usiyemudu wakili, nenda Kituo cha Sheria Kenya, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu Tanzania Bara. Chukua jalada, usiende na maneno.

Tafuta kasoro ya utaratibu kabla ya kupigania thamani ya urithi. Mnamo Juni 2019 Mahakama ya Taifa ya Mazingira ya Kenya ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Uzuri wa nyumba hujadiliwa bila mwisho. Kama kikao cha wakazi kilifanyika au hakikufanyika, hilo lina jibu.

*Paris.* Kwa Mji Mkongwe na Lamu una njia moja zaidi. Kituo cha Urithi wa Dunia cha UNESCO, kilicho Paris, hupokea taarifa kutoka kwa yeyote, kisha huitaka serikali itoe maelezo. Andika kwa Kiingereza au Kifaransa, kwa ufupi, na picha zenye tarehe. Haisimamishi tingatinga kesho asubuhi. Hoteli iliyojengwa Mambo Msiige, ndani ya Mji Mkongwe, ilizungumzwa hadi kwenye Kamati ya Urithi wa Dunia, na ipo. Lakini barua hiyo huifanya ofisi ya nyumbani ijibu, na mara nyingine hilo ndilo ulilokuwa ukilitafuta.

> MAKOSA YANAYORUDIWA
> • Kusubiri ubomoaji uanze ndipo uamini.
> • Kukusanya saini mia tatu zisizo na namba za kitambulisho wala anwani.
> • Kuwaacha waandishi wa habari watangulie ofisi ya hifadhi. Afisa aliyeaibishwa hewani hana haraka ya kukusaidia.
> • Kukubali "tutabakiza uso wa mbele". Ukuta wa mbele ulioegemezwa kwenye zege jipya si nyumba.
> • Kunyamaza jirani anapojenga.

Hilo la mwisho lina maelezo yake. Nyumba za vichochoroni hushikana, na misingi yake ni ya juu juu. Jirani akichimba msingi wa ghorofa, ukuta wako unapoteza ardhi iliyoushika. Kabla hajaanza, mpigie hodi, mzunguke pamoja na simu zenu mkipiga picha kila ufa uliopo, kisha mtie saini wote wawili. Anayejenga kwa nia safi atakubali, maana karatasi hiyo inamlinda naye asidaiwe nyufa za zamani.

SITA: NYUMBA IJILIPE

Nyumba isiyoingiza kitu itauzwa, mapema au baadaye, na hakuna sheria itakayoilazimisha familia yenye dhiki kulisha mawe. Mimi si adui wa hoteli. Nyumba kadhaa za Unguja na Lamu zipo leo kwa sababu ziligeuzwa nyumba za wageni. Kinachogomba ni kiasi na namna.

Anza na kidogo: duka la chini, chumba kimoja cha wageni, ghorofa moja ya ofisi. Mabafu yapangwe moja juu ya jingine ili mabomba yashuke mstari mmoja. Maji ya kiyoyozi yapewe mpira wake hadi chini, yasidondokee ukutani. Ukuta mnene usitobolewe kupanua chumba. Unabeba boriti za pande mbili. Na kila badiliko liwe la kuweza kuondolewa baadaye bila kuvunja cha zamani.

Ukipata mbia wa kuitengeneza, mkodishe, usimwuzie. Mkataba utaje:

☐ miaka mingapi, na nyumba inarudi katika hali gani;
☐ nani anatengeneza paa, na ndani ya miezi mingapi tangu kusaini;
☐ chokaa itumike, saruji isitumike, na nani atakagua;
☐ mlango, zidaka na boriti za zamani ni mali ya nani (viorodheshwe kwa picha, kila picha isainiwe);
☐ hakuna ghorofa ya ziada bila idhini ya maandishi ya warithi wote pamoja na kibali cha mamlaka ya hifadhi;
☐ kazi ikikwama miezi sita paa likiwa wazi, mkataba unavunjika na gharama ya kulifunika ni yake.

Mbia akikubali yote isipokuwa hilo la mwisho, usitie saini siku hiyo.